Maswali ya Wasomaji: Usafi wa Mawimbi katika Redio za Bei Nafuu

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinatoka kwa wapenda redio waliopata leseni hivi karibuni na kuanza na transiva (redio zinazotuma na kupokea) za bei nafuu. Karibu zote, kila moja kwa njia yake, zinauliza kama redio inatoa yale tu inayopaswa kutoa, na kama kichujio kinaweza kuirekebisha inapokosea. Tumechagua tano.

SWALI: Ndugu Mhariri, nina redio ya mkononi ya bendi mbili yenye nguvu ya wati 5. Mwenzangu ananiambia kwamba kila ninapozungumza kwenye megahezi 145.000, sauti yangu inatokea pia kwenye redio yake aliyoiweka 435.000, ikiwa imepasuka na kukwaruza. Je, redio yangu ni mbovu? Na ninunue kichujio gani?

JIBU: Ukizidisha 145 mara tatu unapata 435 kamili, na hapo ndipo pa kuanzia. Mwenzako anaelekea kusikia harmoniki ya tatu ya wimbi lako, yaani wimbi dogo linalozaliwa pamoja na lile kuu kwa masafa yaliyozidishwa mara tatu. Kule kupasuka kwa sauti kunaunga mkono dhana hiyo: masafa yanapozidishwa mara tatu, na mtikisiko wa FM, yaani kiasi ambacho sauti huyasogeza masafa, nao huzidishwa mara tatu, hivyo mtikisiko wa kilohezi 5 kwenye 145 unakuwa kilohezi 15 kwenye 435, na kipokezi kilichotengenezwa kwa mtikisiko mdogo zaidi hakiwezi kuutafsiri bila kuipasua sauti.

Hata hivyo, kabla hujailaumu redio yako, hakikisha kwamba kosa si la redio ya mwenzako. Kipokezi kilicho karibu sana na mtumaji hulemewa na wimbi kuu na kuzalisha harmoniki ndani yake chenyewe, kisha kikaonyesha kana kwamba zimetoka hewani. Njia rahisi ya kupambanua ni kumwomba mwenzako aweke kipunguza nguvu cha desibeli 10, yaani kinachopitisha sehemu moja tu kati ya kumi ya nguvu, kati ya antena na redio yake. Ikiwa harmoniki kweli inatoka kwako, itapungua kwa desibeli 10 hizo hizo. Ikiwa inazaliwa ndani ya kipokezi chake, itaporomoka kwa takriban desibeli 30, kwa sababu zao la tatu hufuata nguvu ya wimbi lililolizaa kwa kipeo cha tatu. Kama hana kipunguza nguvu, na aende mbali hadi wimbi lako kuu liwe dhaifu, kisha asikilize tena.

Tuchukulie kwamba jaribio limeonyesha kosa liko kwako. Amplifaya (kikuza nguvu) ya mwisho katika redio ya FM haihitaji kuhifadhi umbo la wimbi, kwa hiyo watengenezaji huiendesha kwa namna inayookoa betri, nayo hulikata wimbi na kuzalisha harmoniki kwa wingi. Hilo linatokea katika redio ghali pia. Tofauti inakuja kwenye koili na kapasita zilizopangwa kati ya amplifaya hiyo na antena, ambazo kazi yake ni kuyapitisha masafa ya chini na kuyazuia ya juu. Katika redio ya bei nafuu vipande hivyo ni vichache, vidogo, na vimebanana. Isitoshe, redio ya bendi mbili hutumia tundu moja la antena kwa VHF (bendi ya 145) na UHF (bendi ya 435), kwa hiyo njia ya 435 lazima iwepo mahali fulani kwenye sakiti, na swichi ya kielektroniki inayozitenganisha njia hizo ikivuja kidogo, harmoniki ya tatu inakuwa imepata mlango wazi. Redio mbili za aina moja, hata zikitoka katika shehena moja, zinaweza kutofautiana kwa desibeli kadhaa. Kwa sababu hiyo mimi siamini sana orodha zinazosema redio ya jina fulani ni safi na ya jina fulani ni chafu. Inayopaswa kupimwa ni ile iliyo mkononi mwako.

Antena nayo inashiriki. Antena ya robo ya wimbi kwa 145 inakuwa robo tatu za wimbi kwa 435, na hapo inalingana vizuri na kebo na kuirusha harmoniki bila shida. Harmoniki ya pili, kwenye 290, inaiona antena hiyo hiyo kuwa nusu ya wimbi, haipokelewi vizuri, na sehemu yake kubwa inarudishwa kwenye redio. Lakini usiidharau hiyo ya pili, maana katika nchi nyingi masafa kati ya 225 na 400 hutumiwa na ndege za kijeshi, na huko hakuna atakayekuvumilia.

Je, kiasi gani ni kingi mno? Kila nchi ina kanuni zake, na unapaswa kuzisoma za kwako. Mfano unaotajwa mara nyingi ni kanuni za Marekani, Sehemu ya 97, ambazo kwa transmita za kati ya megahezi 30 na 225 zenye nguvu isiyozidi wati 25 zinataka kila wimbi lisilotakiwa lisizidi maikrowati 25, na pia liwe chini ya wimbi kuu kwa angalau desibeli 40, ingawa hailazimiki kulipunguza chini ya maikrowati 10. Kwa redio yako ya wati 5, desibeli 40 ni nusu ya miliwati, lakini maikrowati 25 ni karibu desibeli 53. Kwa hiyo ni sharti la maikrowati 25 linalobana, na muuzaji anayejisifu kwamba redio yake inafikisha “desibeli 40” bado hajakuambia kwamba imefaulu.

Sasa kichujio. Unachohitaji ni kichujio cha kupitisha masafa ya chini, ambacho mpaka wake uko juu kidogo ya 150, kinachostahimili nguvu kubwa kuliko wati 5, na kinachopoteza si zaidi ya nusu desibeli kwenye 145. Upotevu wa desibeli 0.3 ni kama asilimia 7 ya nguvu, na hakuna atakayeusikia upande wa pili. Kifunge karibu na tundu la antena. Jambo moja la hatari: kikiwa kimefungwa, usitume kabisa kwenye 435, kwa maana nguvu yote itagonga kichujio na kurudi kwenye amplifaya, na unaweza kuiunguza. Mtu anayebadilisha bendi mara kwa mara ni heri awe na redio moja kwa kila bendi kuliko kutegemea kumbukumbu yake.

SWALI: Nimesikia kwamba nikiiweka redio kwenye nguvu ya chini, yaani wati 1 badala ya 5, inakuwa safi. Je, ni kweli?

JIBU: Kwa kiasi fulani tu. Harmoniki, ikihesabiwa kwa maikrowati, kwa kawaida itapungua, na jirani yako atapata nafuu. Lakini uwiano wake na wimbi kuu si lazima ubadilike, kwa sababu kichujio huondoa desibeli zile zile iwe nguvu ni kubwa au ndogo. Kuna redio ambazo uwiano huo unaharibika zaidi kwenye nguvu ya chini, kwa kuwa namna amplifaya inavyopunguzwa nguvu inalipotosha wimbi. Pima kwenye viwango vyote viwili kabla ya kuamua.

SWALI: Redio yangu inasikia vizuri kwa antena yake fupi ya mpira, lakini nikiunga antena ya nje iliyo juu ya nguzo, ripita (kituo kinachopokea mawimbi na kuyarusha tena) niliyokuwa nikiisikia kila siku inapotea. Kebo nimeipima na haina kasoro. Kichujio cha harmoniki kitanisaidia?

JIBU: Hakitakusaidia, kwa sababu tatizo lako liko upande wa kupokea, na dawa yake ni kichujio cha aina nyingine.

Redio za zamani za superheterodaini, yaani zinazolibadilisha kila wimbi kuwa la masafa ya kati, huyachuja mawimbi kwa hatua: kwanza sakiti zilizotegwa kwenye bendi husika, kisha masafa ya kati, kisha kichujio cha fuwele au cha kauri. Redio nyingi ndogo za sasa zimefanya karibu kazi yote hiyo ndani ya chipu moja, ambayo huuchagua mkondo (chaneli) unaoutaka kwa hesabu za kidijitali. Uchaguzi huo ni mzuri, lakini unafanyika mwishoni. Mlangoni, amplifaya ya kwanza inapokea kila kitu kinacholetwa na antena, na ikilemewa na mawimbi yenye nguvu ambayo hukuyataka, inakuwa kiziwi kwa yale dhaifu unayoyatafuta. Antena fupi ya mpira ilikuwa inakukinga kwa ubovu wake, kwani ilileta kidogo cha kila kitu.

Thibitisha hivi. Weka kipunguza nguvu cha desibeli 10 kati ya antena ya nje na redio, na uhakikishe kwamba huigusi kabisa swichi ya kutuma wakati kimefungwa, kwani vile vidogo huungua papo hapo. Ikiwa ripita inarudi kusikika baada ya kuipunguzia redio mawimbi, basi umeshapata jibu.

Kinachobaki ni kumjua anayeilemea. Mara nyingi ni vituo vya utangazaji wa FM, kati ya megahezi 87.5 na 108, ambavyo hutuma kwa kilowati nyingi, na hapo kichujio cha kuzuia bendi hiyo kinatosha. Wakati mwingine ni mawimbi mawili yanayochanganyika ndani ya amplifaya yako. Chukua wimbi la 152 na jingine la 159: ukizidisha la kwanza mara mbili na kutoa la pili, unapata 145, katikati ya bendi yako, mahali ambapo hakuna mtu anayetuma. Mchanganyiko wa namna hii utautambua kwa sauti mbili zinazosikika pamoja, au kelele inayokuja na kutoweka ghafla. Kichujio cha kuzuia FM hakina lolote la kufanya hapo, kwa kuwa mawimbi yote mawili yako juu ya 108. Utahitaji kichujio cha mkanda kinachopitisha sehemu ndogo kuanzia 144 na kuyazuia ya pande zote mbili, nacho kitakugharimu desibeli moja au mbili za upotevu. Kwa redio iliyolemewa, upotevu huo ni faida. Ukikichagua kinachostahimili nguvu ya kutuma, kitakupunguzia pia harmoniki njiani.

SWALI: Nimejikusanyia transiva ya HF (megahezi 3 hadi 30) kutoka vipande vilivyouzwa pamoja, ya kilohezi 7,000 hadi 7,200, wati 5. Kwa hesabu, kichujio chake cha hatua saba kinapaswa kuishusha harmoniki ya pili kwa desibeli 50 au zaidi. Nimepima, nikapata harmoniki iko desibeli 36 tu chini ya wimbi kuu. Nimekagua thamani za vipande vyote, ziko sawa. Nimekosea wapi?

JIBU: Barua yako imenifurahisha, kwa sababu umepima kabla ya kulalamika. Kanuni za Marekani nilizozitaja hapo juu zinataka desibeli 43 kwa transmita za HF, kwa hiyo umebakiwa na 7 za kutafuta, na ni vizuri kupata nyongeza kidogo juu ya hapo.

Unasema thamani ziko sawa. Umezipima, au umezisoma? Koili za toroidi, zile zinazozungushwa kwenye pete, hudanganya wengi, kwa kuwa kila mara waya unapopita katikati ya tundu ni mzunguko mmoja, na anayehesabu mizunguko inayoonekana nje huishia na mmoja pungufu au mmoja zaidi. Kwa toroidi nyekundu ya T50-2, mizunguko 17 inatoa takriban maikrohenri 1.4, lakini 18 inatoa karibu 1.6, yaani ongezeko la asilimia 12 kwa mzunguko mmoja tu. Mizunguko ikibanwa pamoja thamani hupanda, ikitawanywa hushuka, kwa hiyo kidole chako nacho ni kifaa cha kurekebishia. Kapasita ziwe za aina ya NP0, ambazo hazibadiliki kwa joto. Zile za kauri za aina ya X7R, hata zikiwa na maandishi yale yale, hubadilika kwa joto na kwa volti, na hazifai hapa.

Lakini nadhani kosa lako liko kwingine. Desibeli 50 maana yake ni sehemu moja kati ya laki moja. Ikiwa sehemu ndogo kama hiyo ya nguvu iliyo kabla ya kichujio inapata njia ya pembeni kufika kwenye antena, basi kichujio chako, hata kiwe kizuri kiasi gani, kimekwisha kuzungukwa. Ni kama kuweka mlinzi hodari mlangoni na kuliacha dirisha la nyuma wazi. Angalia bodi yako: je, waya unaoingia kwenye kichujio na ule unaotoka vinapita karibu? Je, relei (swichi inayoendeshwa na umeme) iliyo karibu na kichujio, kama ipo, ina mguu wa kuingilia na wa kutokea katika kiboksi kimoja? Relei za namna hiyo zina kapasitansi ndogo kati ya miguu yake, ambayo kwenye megahezi 7 haisumbui sana lakini kwenye 14 na 21 inaipitisha harmoniki. Imewahi kuwatokea hata wabunifu wazoefu, wakalazimika kuichora bodi upya bila kubadili thamani ya kapasita hata moja.

Jaribio la kuthibitisha ni jepesi. Tengeneza kichujio cha pili kama hicho, kiweke katika kiboksi chake cha chuma chenye tundu la kuingia upande mmoja na la kutoka upande wa pili, kisha kiunge nje ya redio. Kama harmoniki inaporomoka hadi desibeli 60 au zaidi, ujue hesabu zako zilikuwa sahihi tangu mwanzo na mpangilio wa bodi ndio uliokuangusha. Unaweza hata kukiacha hapo kiendelee na kazi.

Kuna jambo moja la mwisho la kuangalia. Kama amplifaya yako ina transista mbili zinazopokezana, harmoniki za pili na za nne hufutana zenyewe, na ile ya tatu ndiyo inayotarajiwa kuwa kubwa. Harmoniki ya pili ikiwa ndiyo inayoongoza, kama ilivyo kwako, huenda transista hizo hazilingani. Pima mkondo wa umeme wa kila moja ikiwa imetulia bila wimbi, na uhakikishe zimekaribiana.

SWALI: Sina kichanganuzi cha spektra, kile kifaa kinachoonyesha nguvu ya mawimbi kwenye kila masafa, lakini nina kile kipokezi kidogo cha USB cha televisheni kinachotumika na kompyuta. Nimekiweka mezani karibu na redio yangu ya mkononi, nikatuma kwenye 145, na skrini imejaa mistari: 290, 435, na hata mmoja karibu na 48. Mbaya zaidi, tangu nifunge kichujio, bado watumiaji wa mkondo wa jirani wanalalamika kwamba nawaingilia. Nifanyeje?

JIBU: Una maswali mawili hapo, na yana majibu tofauti.

Ule mstari wa karibu na 48 unakueleza kila kitu kuhusu kipimo chako. Kwa masafa, harmoniki huwa juu ya wimbi kuu, kamwe haiwi chini yake. Kinachotokea ni kwamba osileta ya ndani ya kipokezi hicho, yaani sakiti inayozalisha masafa ya kukitega, ina harmoniki zake, na kilipotegwa karibu na 48 harmoniki yake ya tatu ililidaka wimbi lako la 145. Kwa hiyo mistari mingine nayo haiaminiki. Vipokezi hivyo hufanya hesabu kwa biti 8, na kila biti ni kama desibeli 6, kwa hiyo havina nafasi ya kuonyesha wimbi kuu na jingine lililo desibeli 53 chini yake kwa wakati mmoja. Kikikaa mezani karibu na wati 5, kinachoonyeshwa ni kulemewa kwake.

Azima kichanganuzi halisi, hata kidogo cha mkononi kama tinySA. Usikiunge moja kwa moja, kwani kinachoweza kustahimili ni miliwati chache tu. Tumia kipunguza nguvu cha desibeli 30 kinachobeba wati 5 bila kupata moto, na nyuma yake kingine cha 10. Kile cha kwanza ndicho kinachobeba karibu nguvu yote, na baada ya vyote viwili inabaki nusu ya miliwati. Ukishapata kipimo, ongeza desibeli 10 nyingine. Harmoniki halisi hupungua pamoja na wimbi kuu, kwa kiasi kile kile. Ile inayopungua zaidi ya hapo imezaliwa ndani ya kichanganuzi.

Kuhusu majirani wa mkondo, kichujio hakina msaada wowote. Kilohezi 25 kando ya 145 ni kama asilimia 0.017 ya masafa hayo, na hakuna kichujio cha koili na kapasita cha kufunga kwenye antena kinachoweza kukata kwa wembamba huo. Uchafu unaokaa karibu hivyo na wimbi kuu lazima uzuiwe unakozaliwa. Anza na mpangilio wa redio: mtikisiko wa kilohezi 5 pamoja na sauti ya hadi kilohezi 3 unachukua upana wa takriban kilohezi 16, wakati ule wa kilohezi 2.5 unachukua 11. Ikiwa mikondo ya eneo lako imepangwa kwa kilohezi 12.5 nawe umeiacha redio kwenye upana mkubwa, utawaingilia hata kama redio ni safi kabisa. Kisha acha nafasi ya kiganja kati ya mdomo na maikrofoni. Kama redio inatumia adapta ya umeme, itoe na ujaribu kwa betri tupu, kwa maana mngurumo wa adapta mbovu huonekana kama mistari midogo pande zote mbili za wimbi. Malalamiko yakiendelea baada ya hayo yote, basi kasoro iko kwenye osileta ya redio yenyewe, na mahali pa kuipeleka ni kwa aliyekuuzia, kabla muda wa dhamana haujapita.